Ukipita Butali na gari la turbo, chunga mwanya wa plagi

Msomaji, iwapo umewahi kutoka mji wa Kakamega ukaelekea kaskazini kwa barabara kuu ya A1, unaijua nchi ninayotaka kukutembeza leo. Barabara hii huanzia Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, ikapita Kisii, Kisumu na Kakamega, kisha ikaendelea hadi Webuye, Kitale na nchi ya Waturkana. Ukishaacha nyuma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mashamba ya mahindi na migomba huanza kupungua na miwa huzidi kutawala. Hapo umeingia nchi ya Wakabras, jamaa mmojawapo wa Waluhya, na Butali iko humo, katika eneo la Malava.

Butali si mji mkubwa wa kuandikiwa vitabu vya watalii. Ni soko la kando ya barabara, lenye maduka ya vyakula, mabanda ya mafundi, waendesha bodaboda waliojipanga kivulini wakingoja abiria, na kina mama wanaouza ndizi mbivu na mboga. Lakini Butali ina jambo moja linaloitambulisha kwa kila msafiri: miwa. Kiwanda cha sukari cha Butali kilianza kusaga mwaka 2011, na katika eneo lilo hilo kipo kiwanda cha West Kenya, kinachotengeneza sukari ya Kabras tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Viwanda hivyo viwili vimegombania miwa ya wakulima hawa hata mahakamani. Mashabiki wa raga nao wanalijua jina la Kabras kwa timu yake iliyotwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016.

Ukifika msimu wa kukata miwa, pua yako itakujulisha kabla ya macho. Kuna harufu ya molasi inayopanda na upepo, na kuna moshi wa vibanda vya sukari nguru. Halafu utaona matrekta. Hayo ndiyo wenye barabara hapa. Trekta moja hukokota tela lililosheheni miwa hadi juu, miwa mingine ikiburura lami, na watoto wakikimbia nyuma kuchomoa mmoja wa kutafuna njiani. Ukiwa na gari dogo nyuma ya msafara huo, utatambaa kama jongoo mpaka upate nafasi ya kupita.

Na hapo, msomaji, ndipo safari yetu ya leo inapokutana na kitu kidogo kisichozidi kidole chako cha kati: plagi ya gari.

Kilichopo kati ya trekta na lori

Hebu fikiri umo ndani ya gari lenye turbo, umekaa nyuma ya tela la miwa kwa dakika kumi. Mbele kunaonekana wazi. Unatoka upande wa kulia, unakanyaga petroli, turbo inaanza kuvuma. Unategemea gari liruke. Badala yake linakohoa mara mbili, linatetemeka, taa ya injini inawakawaka, na nguvu inakatika kabisa ukiwa ubavuni mwa trekta. Kutoka ng'ambo ya kilima linatokea lori.

Dereva mwenye bahati atapunguza mwendo na kurudi nyuma ya tela. Asiye na bahati hatusimulii habari zake kwenye ukurasa huu. Jambo la kusikitisha ni kwamba gari la namna hiyo likipelekwa kwa fundi, mara nyingi huonekana halina ugonjwa wowote. Likiwa limesimama, linanguruma vizuri. Likiendeshwa polepole sokoni, linakwenda kama maji. Ugonjwa wake hutokea pale tu turbo inapokaza, na aghalabu chanzo chake ni plagi zisizofaa au mwanya uliopimwa kwa macho.

Ndiyo maana ninakuomba uketi nami kidogo katika kivuli cha banda la fundi. Mambo haya si ya mafundi peke yao. Ni ya kila mwenye gari, na ya kila abiria anayepanda gari la jamaa yake kwenda nyumbani.

Turbo zote si sawa

Kwanza tutenganishe mambo, maana hapa wengi huchanganyikiwa. Mlio wa turbo ni kitu cha kawaida Butali. Malori ya miwa yanao, na matatu nyingi za Toyota Hiace zinazopita kwenda Webuye na Kakamega zinao. Lakini mengi ya magari hayo hutumia dizeli, na injini ya dizeli haina plagi za cheche. Dizeli hujiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyokandamizwa. Plagi zilizomo katika baadhi ya injini hizo ni za kupasha joto tu wakati wa kuwasha asubuhi. Kwa hiyo, kama una Prado au pikapu ya dizeli, somo hili la mwanya halikuhusu, ingawa huenda likamhusu mwanao.

Namsema mwanao kwa sababu magari ya petroli yenye turbo huonekana kwa wingi hapa mwezi wa Desemba. Mwisho wa mwaka, wana wa Kabras walioko Nairobi, Mombasa na Nakuru hurudi nyumbani kula ugali na kuku pamoja na wazee. Wengine hushuka kwenye basi na mabegi yao. Wengine hufika na Subaru Forester au Impreza yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, na kijiji kizima husikia kwamba fulani amekuja.

Mapenzi hayo ya turbo hayakuanza jana. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden alishinda mbio za Safari Rally kwa Toyota Celica yenye turbo, mwaka uliofuata Juha Kankkunen wa Finland akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo, na mwaka 1986 Waldegård akarudia. Mwaka 1994 Mkenya mwenzetu Ian Duncan alichukua ushindi kwa Celica, nayo ya turbo. Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza mwaka 1997, naye Richard Burns kwa Impreza mwaka 2000. Watoto waliokaa kando ya barabara wakipigwa na vumbi la magari hayo ndio wazazi wa leo. Safari ilipoondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, mapenzi hayakufa, na iliporudi Naivasha mwaka 2021, vijana wapya waliyapokea.

Magari yenyewe hutufikia yakiwa yametumika Japani, kwa kuwa sheria yetu huruhusu gari lisilozidi miaka minane. Hufika bandari ya Mombasa na plagi ambazo mnunuzi hajui zimekwenda kilomita ngapi. Huo ndio mwanzo wa mambo mengi.

Kwa nini mwanya uwe mdogo

Turbo ni kifaa kilichobuniwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo, kwa mhimili mmoja, huzungusha jingine linalosukuma hewa kuingia ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidi, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa.

Nchi yetu hii ya magharibi iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja ya sita. Gari la kawaida lisilo na turbo hupoteza nguvu likipanda huku. Lenye turbo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea kwa kusukuma hewa zaidi. Ni sifa nzuri, lakini usidanganyike kwamba wepesi wa hewa ya Butali unaipunguzia plagi kazi. Turbo ikishakaza, ndani ya silinda mna msongamano mkubwa kama kawaida.

Sasa angalia plagi. Ina ncha ya katikati na mkono wa upande uliojikunja juu yake. Kati yao pana mwanya. Umeme kutoka kwenye koili, wenye volti elfu nyingi, huruka mwanya huo na kutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Kadiri hewa iliyo katikati inavyosongamana, ndivyo umeme unavyopata taabu kuvuka.

Mfano wake ni huu. Kijana anayekata miwa anaweza kuruka mtaro mpana akiwa mikono mitupu. Mtwike mzigo wa miwa kichwani, na mtaro ule ule utamshinda. Ataanguka ndani, au atatafuta mahali pengine pa kuvukia. Umeme nao ukishindwa kuruka mwanya hufanya hivyo hivyo: hukata, au hutafuta njia nyingine kupitia ufa wa kauri ya plagi au mpira wa koili. Ukiutwika mzigo, mpunguzie mtaro. Ndiyo siri yote.

Kwa hesabu, magari mengi ya kisasa yasiyo na turbo hutumia mwanya wa milimita 1.0 hadi 1.1. Magari mengi ya petroli yenye turbo, kama yalivyotoka kiwandani, hutaka milimita 0.7 hadi 0.8. Waliofungua turbo isukume zaidi ya kiwango cha kiwanda hushuka hadi 0.6, na wa mashindano hata 0.5. Tofauti ya 1.1 na 0.7 ni unene wa karatasi chache tu, lakini ndiyo tofauti kati ya kulipita trekta na kukwama ubavuni mwake.

Hata hivyo, usikimbilie kubana mwanya mpaka ncha zikaribie kubusiana. Mwanya mdogo mno hutoa cheche dhaifu. Gari litasumbua kuwaka asubuhi ya baridi, litatetemeka likisimama, na litakunywa petroli zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu hauzibwi. Unapimwa. Kipimo cha kwanza ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako au kwenye kibandiko chini ya boneti. Ninachoandika hapa ni mwongozo wa jumla tu.

Kuchagua plagi dukani

Ukiingia duka la vipuri, usiseme tu, "Nipe plagi za Subaru." Subaru ziko nyingi. Mweleze muuzaji aina ya injini, mwaka wa gari, na kama lina turbo. Kisha jifunze kusoma maandishi yaliyo kwenye plagi yenyewe, kwani huko ndiko ukweli uliko.

Tuchukue plagi ya NGK iliyoandikwa BKR6E-11. Herufi B hueleza kuwa uzi wake una upana wa milimita 14. Herufi R hueleza kwamba ndani yake mna kizuizi cha kupunguza mikwaruzo ya redio. Herufi E hueleza urefu wa uzi, milimita 19. Ile 11 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.1, kwa hivyo plagi hiyo, kama ilivyo, haikutengenezewa turbo. Ndugu yake BKR6E isiyo na mkia wa 11 huja na mwanya wa karibu milimita 0.8. Wengi hununua yenye mkia wa 11 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani, wakaifunga vivyo hivyo kwenye gari la turbo, halafu wakailaumu turbo.

Nambari 6 katikati ndiyo muhimu zaidi. Hiyo hueleza jinsi plagi inavyoweza kutoa joto. Kwa NGK, nambari ikipanda plagi huwa baridi zaidi, yaani hutoa joto upesi. Kwa Denso ni vivyo hivyo, ila hesabu yao ni nyingine: 20 ya Denso hulingana na 6 ya NGK, na 22 hulingana na 7. Kwa Bosch mambo hugeuka, nambari ikipanda plagi huwa moto zaidi. Dereva asiyejua hilo anaweza kubadilisha kampuni akidhani amepata ile ile, kumbe amefanya kinyume.

Injini ya turbo huwa na joto kali. Plagi ya moto mno ndani yake hubaki nyekundu kama kaa, ikawasha petroli kabla ya wakati. Mlipuko huo wa mapema hupiga pistoni kama nyundo. Ndiyo sababu magari ya turbo huelekezwa plagi baridi kiasi, nambari 6 au 7 kwa magari mengi ya barabarani. Lakini plagi baridi kupita kiasi, katika gari la kwenda sokoni na kanisani tu, haipati joto la kujisafisha, ikaganda masizi. Usiruke hatua mbili kwa kuiga gari la mashindano.

Kuhusu madini, plagi za kawaida za nikeli ni za bei nafuu lakini ncha zake huliwa upesi, na mwanya hupanuka. Katika gari la turbo ni busara kuzitazama kila kilomita 10,000, na zisitarajiwe kufika mbali zaidi ya 20,000 au 30,000. Plagi za platini na iridiumu ni ghali, ila ncha yake ngumu hustahimili muda mrefu zaidi, hata maradufu mara kadhaa. Injini za Subaru za lita 2.5 zenye turbo, mathalan, zilitoka kiwandani na plagi ya iridiumu, na NGK huiita SILFR6A.

Kisha kuna janga la plagi bandia. Boksi linafanana, rangi zinafanana, lakini mle ndani ni bati. Tazama uzi: wa halali ni laini na umenyooka, wa bandia una makwaruzo. Tazama ncha ya katikati: iwe katikati kweli. Tazama maandishi kwenye kauri: yasififie ukiyasugua kwa kidole. Jaribu kikaza cha duara kilicho chini ya sehemu ya spana: cha halali hakitoki kirahisi. Na bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine yote, ujue unanunua maneno.

Kupima bila kubahatisha

Mafundi wa kando ya barabara katika nchi hii ni hodari. Wengi walijifunza kwa kushika spana za mabwana wao, na wengine walipita vyuo vya ufundi. Kazi yao ya kila siku ya plagi ni bodaboda, kwa kuwa pikipiki ndizo nyingi. Plagi ya pikipiki nyingi za hapa hutaka mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, na kuna mazoea ya kuipima kwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma, ambacho unene wake ni karibu milimita 0.6. Kwa bodaboda mazoea hayo hayana madhara. Kwa gari la turbo linalotaka 0.8, au lisilo na turbo linalotaka 1.1, kipande kile kile cha msumeno ni kosa. Geji ya kupimia haiuzwi kwa bei ya kutisha. Nunua yako, iweke kwenye kisanduku cha gari, na mpe fundi aitumie mbele yako. Hatakasirika, fundi mzuri hupenda mteja anayejua anachotaka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Acha injini ipoe kabisa, maana hedi yake ni ya aluminiamu na uzi wake huharibika upesi ikiwa moto. Puliza vumbi na mchanga kwenye mashimo kabla ya kufungua, ili uchafu usiingie ndani ya silinda. Kwa Subaru jiandae kwa subira: silinda zake zimelala ubavuni, mbili huku na mbili kule, na plagi zinatazama pembeni karibu na chuma cha bodi. Huenda fundi akaondoa betri na vitu vingine kwanza ili mkono upite. Fundi anayekwambia ataimaliza kwa dakika tano, mwangalie vizuri.

Fungua moja moja na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Ingiza geji kwenye mwanya. Ipite ikigusa kidogo pande zote mbili, isikwame wala isicheze. Ikiwa mwanya ni mpana, gonga mkono wa upande polepole juu ya ubao mgumu, kisha upime tena. Ikiwa ni mdogo, uvute mkono huo kwa kifaa chake. Ncha ya katikati usiiguse kamwe. Kwa plagi za iridiumu tumia geji ya waya, kwa kuwa ile ya duara kama sarafu, inayosukumwa ndani kwa nguvu, inaweza kuivunja ncha nyembamba. Nazo plagi mpya zisiaminiwe kwa sababu ya boksi. Ikianguka hata mara moja sakafuni, mwanya wake umebadilika, na kauri huenda imepata ufa usioonekana.

Kurudisha, anza kwa vidole mpaka ikae. Plagi mpya yenye kikaza cha duara, ya uzi wa milimita 14, huongezwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili kwa spana. Iliyowahi kutumika hukazwa kidogo sana baada ya kukaa. Nguvu za kufungulia nati za gurudumu hazitakiwi hapa.

Plagi husema

Kabla hujazitupa zile za zamani, zisome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni habari njema. Masizi meusi makavu yasema petroli imezidi, kichujio cha hewa kimeziba, au plagi ni baridi mno. Weusi wenye mafuta wasema oili inapenya, pengine kwenye ringi za pistoni au kwenye turbo yenyewe. Weupe mkavu wenye malengelenge wasema joto limezidi. Na ukiona chembe ndogo zinazong'aa kama fedha, simamisha gari hapo hapo. Huo ni unga wa pistoni.

Chembe hizo mara nyingi huletwa na petroli mbaya. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, mchanganyiko huo hulipuka ovyo chini ya msukumo wa turbo. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua biashara hiyo, lakini msafiri mwerevu bado huchagua kituo chenye jina la kulinda. Si plagi wala mwanya utakaoiokoa injini ya turbo inayonyweshwa mafuta ya taa.

Ajabu ni kwamba miwa hii inayotukawiza barabarani inaweza kutoa dawa ya ugonjwa huo. Spiriti itokanayo na molasi huzuia mlipuko wa mapema ikichanganywa na petroli. Katika miaka ya 1980 Kenya iliwahi kuuza petroli iliyochanganywa na spiriti ya Muhoroni, kabla ya mpango huo kufa.

Gharama ya kutopima

Msomaji, huenda ukauliza: yote haya kwa sababu ya kitu kidogo hivi? Piga hesabu ya nyumba. Mkulima wa Butali hupanda miwa akangoja mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuivuna, kisha akangoja malipo. Katika pesa hizo mna karo, mbolea, dawa za mzee na deni la duka. Mtoto akirudi nyumbani na gari lililovunjika pistoni, injini ya kubadilisha yaweza kumeza mavuno ya msimu mzima. Seti ya plagi nne na geji moja haiwezi kumeza hata sehemu ndogo yake.

Na kuna hesabu isiyo ya pesa. Katika vijiji vingi, gari la jamaa aliyerudi Desemba ndilo ambulensi ya usiku. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, wanaamka wanabisha mlango wa mwenye Subaru. Barabara ile ile yenye matela ya miwa yasiyo na taa nyuma ndiyo itakayompeleka hospitali. Usiku huo hakuna atakayeuliza gari lina nguvu ngapi. Litatakiwa liwake, livute, lisikate.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza safari ya kuja huku, fanya mambo matatu. Kagua plagi na mwanya ukiwa bado mjini, wala si asubuhi ya kuondoka. Beba plagi moja ya akiba iliyopimwa tayari, pamoja na geji na spana yake. Na taa ya injini ikianza kuwakawaka unapokanyaga, legeza mguu, kaa nyuma ya trekta, na uendelee hivyo hivyo hadi kwa fundi.

Ukifika Butali salama, simama kidogo. Nunua muwa mmoja, uumenye kando ya barabara huku injini ya gari lako ikinguruma polepole dakika moja au mbili ili turbo ipoe kabla ya kuzima. Mbele yako bado kuna daraja la Nzoia na milima ya Webuye, na trekta jingine halikosi kukungoja njiani.